Yaani mtu anakulia zege, chipsi mayai, kwenye kisahani chako cha gofu, halafu anaupa uwanja nne kwa kumi?

Mrusha Mbali:
Wakuu, salamu baadaye. Nimetoka pale bustanini sasa hivi na bado natetemeka, na sio kwa baridi ya Mbeya.

Jamaa mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule anayevaa kofia ya jua hata ukungu ukiwa umeshuka mpaka Soweto. Yule aliyealikwa harusini kule Forest akaomba kalamu aandike mapungufu ya keki. Huyo huyo.

Tumemkaribisha kwa heshima zote aje acheze raundi moja. Kwa wasioujua mchezo: ni gofu isiyo na fimbo wala mpira. Unarusha kisahani cha plastiki, unakifuata kilipoangukia, unarusha tena kutoka hapo hapo mpaka kiingie kwenye kikapu chenye minyororo juu. Mwenye mirusho michache ndiye mbabe. Wenzetu viwanja vyao vikubwa vina vikapu 18, sisi tuna tisa, tunazunguka mara mbili, hesabu ni ile ile. Vikapu kachomelea fundi wa Mwanjelwa kwa hela ya mchango. Cha nne kimeinama kidogo kwa sababu ya mzizi wa mkaratusi, kila mtu anajua na hakuna aliyekufa.

Bwana kaja na tepu. TEPU YA FUNDI SEREMALA. Na daftari. Kikapu cha kwanza kapima kutoka chini mpaka ukingoni, katikisa kichwa, kaandika. Cha pili kauliza kibao cha umbali kiko wapi. Cha tatu karusha, kisahani kikakata kushoto kikaingia kwenye maua ya watu, kageuka ananiambia "uwanja wenu unavuta kushoto". Uwanja unavuta! Kaka, umerusha kwa mkono wa kulia ukianzia kifuani, kikiisha kasi lazima kimalizie kushoto, ndivyo kinavyozunguka. Na hapa tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, kinakata mapema kuliko huko Dar ulikojifunzia kwenye simu.

Hayo nilivumilia. Sasa sogeeni karibu.

Kikapu cha sita, pale kwenye njia ya mkato, pana kijana anakaanga chipsi. Jamaa kaagiza zege. Sahani zimeisha, kijana anataka kumfungia kwenye mfuko. Mimi nimeinama nafunga kamba ya kiatu. Nainuka, namkuta kachukua kisahani changu cha kumalizia, kile cha njano, gramu 175, KAKIGEUZA, zege limo ndani, kachumbari pembeni, kamwagia tomato na pilipili, anachoma kwa kijiti. Kwenye kisahani changu. Zege, wakuu.

Nikamwambia kaka, hiyo siyo sahani. Akatafuna kwanza. Akameza. Akasema, "Kina ukingo mzuri, tomato haimwagiki." Kisha yai likiwa bado mdomoni akafungua daftari: "Uwanja nne kwa kumi. Zege nane."

ZEGE NANE!

Na haya yote mbele ya baba mkwe wangu, ambaye nimembembeleza tangu masika aje aone ninachofanya Jumamosi badala ya kwenda naye shamba Uyole. Mzee kacheka mpaka kakaa chini kwenye nyasi. Nimefika nyumbani naitwa Bwana Sahani, na simu kapiga shangazi wa Tukuyu kuuliza kama limebaki.

Hivi mnajua Ed Headrick wa California, aliyebuni hiki kikapu cha minyororo, alipofariki mwaka 2002 majivu yake yalichanganywa kwenye plastiki yakatengenezewa visahani? Watu wanakiheshimu kitu kiasi hicho. Changu kina mafuta ya alizeti. Nimekiosha kwa sabuni ya unga, nikakisugua kwa majivu, bado kinateleza na kinanuka kitunguu. Nikikirusha sasa hivi mbwa wote wa bustani wanakifuata.

Daftarini kaandika nini zaidi sijui na sitaki kujua. Nne kwa kumi. Na pilipili juu.

Nawasilisha.

Ulanzi Baridi:
Bila picha ya zege huu uzi ni batili.

Dada wa Kabwe:
Jamani huyo! Alikuja msibani kwetu Iyunga akampa mpishi wa pilau maoni kwa maandishi. Msibani! Jeneza bado liko ndani, yeye anasema viungo vimezidi mdalasini.

Kona ya Mafiati:
Mleta mada tafuta hela. Watu wazima na ndevu zenu mnarushiana sahani bustanini mchana kweupe.

Mrusha Mbali:
Sio sahani.

Kona ya Mafiati:
Mbona ina zege?

Mzee wa Makete:
😂😂😂 Nafunga duka leo.

Kikapu Namba Tisa:
Mimi nacheza pale pale na nitasema ukweli mnichukie: nne kapendelea. Hicho kikapu cha sita unarusha juu ya njia wanayopita watu. Juzi mama wa watu na ndoo yake ya parachichi kichwani kakoswakoswa na kisahani cha mleta mada huyu huyu. Kanuni ni kwamba hurushi mpaka mbele pawe wazi, lakini kanuni gani itakusaidia kama ukiangalia kushoto pikipiki inatokea kulia? Na pale pa kuanzia ni udongo mwekundu mtupu. Manyunyu kidogo tu, mguu wa mbele unakwenda peke yake. Nimeomba kwenye kundi letu pamwagwe zege mpaka nimechoka kuomba.

Ulanzi Baridi:
Si ndio kawaletea zege jamani.

Mrusha Mbali:
@Kikapu Namba Tisa sikutegemea kwako. Uwanja wa kwanza wa kudumu duniani, Oak Grove kule California mwaka 1975, ulianza na nguzo tupu, hakuna hata mnyororo, na hakuna aliyekwenda na tepu. Sisi tuna minyororo! Kisahani kikija na kasi inakipokea, kinapoa, kinashuka ndani, chaa! Fundi kafunga pete kwa pete usiku kwa tochi ya simu.

Sawa, njia ni hatari, tutakihamisha. Swali langu mbona mnalikwepa? Kwa nini asile kwenye kisahani CHAKE? Alikuwa navyo begini, cha mbali, cha kati, vyote visafi. Akaviruka akachukua changu!

Fundi Simu Sisimba:
Mkuu, cha mbali ni bapa, ukingo wake mkali na hakina kina, kachumbari ingekwenda na upepo. Cha kumalizia ndio kina shimo. Jamaa kachagua kifaa sahihi kwa kazi sahihi. Naanza kumuelewa.

Dada wa Kabwe:
Halafu anajifanya mjuzi, mimi nilimuona siku ile anamalizia. Yuko hatua nne tu kutoka kikapuni, anarusha huku anadondokea mbele mpaka anakumbatia nguzo. Ndani ya mita 10 ni kosa hilo, unatakiwa usimame imara nyuma ya alama yako kwanza ndipo usogee. Nikamwambia. Akaniuliza mimi nina cheti gani.

Mzee wa Makete:
Ulimjibuje?

Dada wa Kabwe:
Nilimwambia nina cheti cha ndoa, asinizoee.

Mtani wa Ipogolo:
Kamwene. Ndio maana huwa nasema Mbeya hamjui mambo ya bustani. Njooni Iringa tuwatandikie vikapu kuanzia chini ya jiwe la Gangilonga mpaka juu, unarusha huku mji wote uko miguuni pako. Na hakuna mtu atakayekulia kwenye kifaa chako, sisi tunakula mezani.

Kona ya Mafiati:
Iringa mtarushia wapi na mji wote umening'inia mlimani? Kisahani kikikosa kikapu kinabingirika mpaka kwenu Ipogolo, kinapanda basi la Dar, mnakipigia simu Mikumi.

Mtani wa Ipogolo:
Bora kipande basi kuliko kuliwa.

Mwana wa Uporoto:
Samahani, nyie mlioko hapo, huyo kijana wa chipsi zege anauzaje sasa? Mimi kanichaji elfu tatu, viazi nimevihesabu vilikuwa sita na nusu, yai limepakwa tu. Mkoa huu viazi tunavikanyaga! Uporoto yote ni viazi! Tunauziwa bei utadhani vimekuja kwa ndege Songwe.

Dada wa Kabwe:
Mafuta, mdogo wangu. Na mkaa.

Mwana wa Uporoto:
Mafuta gani dada, si yamebaki yote kwenye kisahani cha Bwana Sahani.

Mrusha Mbali:
Nani kakuambia hilo jina ulitumie humu?

Boda Mstaarabu:
Nimesoma hapo juu mtu kagusa pikipiki. Ile njia ilikuwepo kabla ya vikapu vyenu. Mimi nina abiria, nina mzigo, ghafla kitu cha njano kinapita mbele ya uso wangu, halafu mtu anatoka nyuma ya mti ananiambia NIMEMHARIBIA MRUSHO. Nani anatakiwa afungue uzi hapa?

Kikapu Namba Tisa:
Nilisema mimi.

Jirani wa Bustani:
Mnasema pikipiki, kuna wapenzi wa kikapu cha nane hamjawagusa. Kila Jumapili wametandika khanga chini yake kabisa, kichwa cha kaka kimeegemea nguzo. Nilisubiri. Nikakohoa. Nikasubiri tena. Mwisho nikarusha kwa adabu, laini, minyororo ikalia, dada akaruka na soda, kaka akakishika kisahani akakataa kunirudishia, eti ni ushahidi. Nilimkomboa kwa kununua soda nyingine.

Ulanzi Baridi:
Ulimkomboa dada au kisahani?

Jirani wa Bustani:
Kisahani. Dada alishaondoka na kaka mwingine.

Fundi Simu Sisimba:
Ufini kuna viwanja vya huu mchezo kwa mamia, vingi viko kwenye bustani za umma na unaingia bure, watoto, wazee, kila mtu. Hapa kikapu kimoja tu tayari kina mchoma chipsi, wapenzi na kesi.

Mrusha Mbali:
Tunaomba turudi kwenye mada. Mtu kaweka pilipili. Kaipa zege NANE. Mbili alizipunguza kwa nini kama lilikuwa tamu hivyo? Na kama halikuwa tamu, mbona alifuta kisahani kwa kidole mpaka kikang'aa? Mbele ya mkwe!

Kona ya Mafiati:
Mada ilishazikwa, Bwana Sahani. Pilau tumekula, mdalasini ulizidi.

Mzee wa Makete:
Mimi ninachojiuliza, huo mchezo Makambako mtaucheza vipi? Ule upepo ukikirusha kisahani kinashukia Mafinga.

Mama Mbao Makambako:
Usiniambie habari za upepo wa hapa. Agosti umeng'oa bati zangu tatu za kibanda cha mbao, moja nimeikuta ng'ambo ya reli imesimama wima, watoto wanaichorea. Na sio upepo peke yake. Fundi kapiga misumari ya kubahatisha, moja huku, moja kule, nyingine kaipinda akaipaka rangi.

Mwana wa Uporoto:
Mama, fundi huyo ana pikipiki ya bluu imefungwa ngazi ubavuni?

Mama Mbao Makambako:
Eeh. Na anapenda kusema "mama, hii kazi utanikumbuka".

Mwana wa Uporoto:
Huyo huyo! Alikuja mpaka kwetu Isyonje akachukua hela ya kenchi yote, akafunga nusu, akasema anafuata misumari mjini. Tangu mwezi wa tano anafuata misumari.

Jirani wa Bustani:
Subirini kwanza, ngazi ni ya mbao au ya chuma? Maana ya chuma ni yangu, aliniazima.

Mama Mbao Makambako:
Ya chuma. Ngazi mbili za chini hazipo.

Jirani wa Bustani:
Zilikuwepo!! Mwenye namba yake aniletee inbox sasa hivi.

Boda Mstaarabu:
Namba hapokei. Jana kapita Mwanjelwa na hiyo ngazi, kanipungia mkono kabisa.