Nani anawajibika kanuni za taasisi ya umma zinapopitwa na muda?

Mwulizaji, Nakuru: Ndugu zangu, majuzi nilitozwa ada katika ofisi moja ya umma, na karani akanionyesha kanuni za mwaka 2014, karatasi imechakaa na kiwango kimesahihishwa kwa kalamu. Je, ni nani hasa anayepaswa kuhakikisha kwamba kanuni hizo bado zina nguvu ya sheria?

Jibu la kwanza: Ni mkuu wa taasisi, pamoja na Waziri anayeisimamia. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2013 inayosimamia utungaji wa kanuni hapa Kenya, kanuni hukoma zenyewe zinapotimiza miaka 10, isipokuwa muda wake umeongezwa, na nyongeza hiyo hutolewa mara moja tu, tena isizidi miezi 12. Masahihisho ya kalamu hayabadilishi ada hata kidogo.

Jibu la pili: Naongeza kwamba kanuni zikishachapishwa katika Gazeti Rasmi, Waziri ana siku 7 za vikao kuzifikisha Bungeni, la sivyo hubatilika. Kwa maoni yangu, mkuu wa taasisi anayemwachia wakili wake kazi ya kufuatilia tarehe hizo ameacha wajibu wake mwenyewe, kwa sababu mwananchi ndiye anayelipa.

Jibu la tatu: Ndugu Mwulizaji, tunza risiti yako. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari, hivyo andika barua ukiomba nambari na tarehe ya tangazo la Gazeti. Wanapaswa kukujibu ndani ya siku 21. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.