Naomba ushauri: haki jinai, aanzie Lushoto au aende Dar?

Wakuu, shikamooni. Mdogo wangu yuko Tanga mjini, kamaliza kidato cha 6, anataka kusomea haki jinai (mambo ya kesi za uhalifu), hasa upelelezi na mashtaka. Njia ya kwanza ni stashahada ya sheria, Chuo cha Uongozi wa Mahakama, Lushoto. Ni karibu na nyumbani, lakini GPA (wastani wa alama) ikishuka chini ya 3.0, kuunganisha shahada inakuwa shida. Ya pili ni shahada ya sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miaka 4. Shahada ya haki jinai pekee naihofia: bila shahada ya sheria hapokelewi Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, na uwakili ndiyo basi. Mnaoajiri wapelelezi, mnatazama nini kwanza?