Mashua inavuja tangu niishushe majini: nikalafati upya au nisubiri?

MwanaWaShela: Assalamu alaykum wakubwa. Mashua yangu ya futi 20 ilikaa mchangani miezi miwili wakati wa upepo mkali wa kusi. Jana nimeishusha, na kufikia magharibi maji ngamani (chini kabisa ndani ya chombo) yalinifika vifundo vya miguu. Fundi mmoja ataka tuitoe leo leo tuikalafati, yaani tujaze pamba kila mwanya wa mbao. Na Jumamosi nina wageni wa kwenda kisiwa cha Manda Toto, huku kwetu Lamu. Nifanyeje?

Nahodha_Mstaafu: Waalaykum salaam mwanangu. Pamba usiiguse kwanza! Mbao zimekauka kwa jua zikasinyaa. Ziache zinywe maji. Ifunge penye maji matulivu, ufue maji (uyachote uyamwage nje) asubuhi na jioni, siku mbili tatu. Ukishindilia pamba mbao zikiwa kavu, zikifura hazina pa kwenda: ama pamba itemwe, ama ubao uachane na taruma (mbavu za chombo). Nimeliona hilo kwa macho yangu, tukakaa wiki nzima Matondoni kwa haraka ya siku moja.

Chembeu: Naunga mkono. Siku ya tatu ikivuja bado, ipweleze (ikae pakavu maji yakitoka), halafu mimina ndoo kadhaa ndani uangalie kwa nje. Panapotoka jasho tia alama ya chaki. Hapo ndipo pa kukalafati, si chombo kizima. Pamba ichovye sifa (mafuta ya papa), uigonge taratibu, ikianza kurudisha nyundo imetosha. Ukiona weusi kuzunguka kichwa cha msumari, hiyo ni kutu: badilisha msumari. Kuipaka chini shahamu (mafuta ya mnyama) na chokaa usisahau, wadudu hawana huruma.

MwanaWaShela: Ahsanteni sana. Na Jumamosi je?

Nahodha_Mstaafu: Ahirisha. Watu hawapandi chombo ambacho hujakijua. Siku ya safari pita Mkanda, mfereji ulio kati ya Manda na bara, maji yakiwa mengi. Siku za bamvua (maji makuu) hujaa kama saa kumi au kumi na moja; saa nne, saa tano ni matope tu. Mlango wa Shela, njia ya kutokea bahari kuu, uuogope maji yakitoka na kusi ikivuma: maji yaenda huku, upepo waja huku, wimbi lasimama wima. Chukua ndoo mbili za kufulia maji, na kila mtu avae jaketi la kuokolea kabla ya kung'oa nanga, watoto kwanza.

MwanaWaShela: Wageni wamekubali kungoja hadi wiki ijayo. Jana nilifua ndoo 31, leo asubuhi 12.