Mashindano ya miji kwenye kingo za maji: meya anapiga picha, mlipakodi anabeba deni

Wakuu, naomba leo mnivumilie, nina hasira na sitaificha. Kila mji wenye mto, ziwa au bahari sasa unataka kuipendezesha bandari yake ya zamani, na kwenye hotuba za uzinduzi wakazi wa pale hawatajwi kabisa. Kinachotajwa ni mji mwingine. Wale wana gurudumu kubwa la kubeba watu juu watazame mji, nasi tujenge gurudumu. Wale wana jumba la muziki, la kwetu litawazidi. Nani aliwatuma wakashindane?

Chanzo chake kinajulikana. Makontena yaliposhika usafirishaji kuanzia miaka ya 1960, meli zikawa kubwa, zikataka kina kirefu na uwanja mpana wa kupangia mizigo. Magati ya katikati ya miji yakakosa kazi, na makuli wakaachwa hivyohivyo. Magati ya Royal Docks ya London yalifungwa 1981. Mwaka uleule serikali ya Uingereza ikaunda shirika la kuendeleza Docklands, yaani eneo la magati ya zamani ya London, na kulikabidhi mamlaka ya kuidhinisha ujenzi yaliyokuwa ya mabaraza ya mitaa. Yaani diwani uliyempigia kura akapokonywa kalamu! Minara ya maofisi ya Canary Wharf, ndani ya Docklands, ikapanda juu kabla treni ya chini ya ardhi haijafika, na 1992 kampuni iliyokuwa ikiijenga, Olympia & York, ikafilisika. Treni hiyo ilifika 1999. Na leo ukitembea pale ukingoni unatembea ndani ya mali ya kampuni, yenye walinzi wake na masharti yake.

Twende Hamburg, Ujerumani, maana hapa ndipo damu inanichemka. Jumba la muziki la Elbphilharmonie limejengwa kwa vioo juu ya ghala kuukuu la matofali lililokuwa likihifadhi kakao, chai na tumbaku. Ni zuri, sibishi. Lakini mwanzoni wakazi waliambiwa mji utatoa euro milioni 77. Katikati ya ujenzi kazi ikasimama zaidi ya mwaka, mji na mkandarasi wakivutana kuhusu usalama wa paa. Lilipofunguliwa Januari 2017, miaka 7 baada ya muda ulioahidiwa, mji ulikuwa umeshatoa milioni 789. Mara kumi na zaidi! Fundi akikukadiria laki moja kisha akakudai milioni, utamwachia? Ila mji ukifanya hivyo tunaambiwa tutazame mandhari. Eti sasa Hamburg iko kwenye ramani. Bandari kubwa kama ile ilikuwa haipo kwenye ramani?

Melbourne nao walitaka gurudumu la kutazamia mji, wakati gurudumu la London Eye lenye mita 135 lilikuwa limeshajipatia jina tangu 2000. La kwao, mita 120, likafunguliwa Docklands ya huko huko Desemba 2008. Siku kama 40 tu, nyufa zikaonekana kwenye vyuma, likafungwa. Likajengwa upya, likafunguliwa tena Desemba 2013, na 2021 likafungwa moja kwa moja. Hata jina la Docklands limefanana. Kweli hapakuwa na wazo lao wenyewe?

Liverpool ndio wanaoniuma zaidi. Magati yao yaliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2004. Wakaja na mradi wa minara ukingoni, wakaonywa miaka na miaka, kisha wakaruhusu uwanja wa mpira ndani ya gati la Bramley-Moore, mradi uliodai gati lenyewe lifukiwe mchanga. Julai 2021 UNESCO ikawafuta. Najua eneo lile lilikuwa limechakaa na watu wanahitaji ajira, wala siombi maghala yaachwe yaoze. Lakini minara ya vioo ipo kila mji. Magati yale ya mawe yapo wapi pengine?

Sasa najua kuna watakaokuja hapa na Bilbao, mji wa Hispania unaosifiwa kufufuliwa na jumba la makumbusho ya sanaa. Kila mtetezi wa miradi hii anaishia Bilbao. Haya, tuisome basi vizuri. Jumba hilo, Guggenheim, lilifunguliwa 1997, lakini kazi ya kuzuia majitaka yasiingie mtoni ilikuwa imeanza kabla, metro ilikuwa imeanza kubeba abiria 1995, na shughuli za bandari zilikuwa zikihamishiwa kuelekea baharini. Wanaoiga wanachukua jumba tu, mtaro wa majitaka hawautaki kwa sababu haupigwi picha.

Helsinki waliletewa Guggenheim yao, ijengwe bandarini katikati ya mji kabisa. Mwaka 2016 madiwani wakapiga kura, 53 wakakataa, 32 wakakubali. Mradi ukafa siku hiyo.

Ninachotaka mimi: mji wowote unaoanza mradi wa namna hii, kabla haujasaini, uweke mkataba hadharani. Gharama zikizidi nani analipa? Njia ya kutembea ukingoni ni ya umma au ya kampuni? Waliokuwa wakifanya kazi au kuishi pale wanapelekwa wapi, na kwa fedha ya nani? Mwenye mfano wa mji uliojibu haya yote kabla ya kukata utepe aulete hapa na ushahidi wake. Picha za jioni zenye taa msiniletee.