Mjadala: Rainsford alipona, au Zaroff alipata mrithi?

Mwalimu, Mafinga
Kamwene wote. Jumamosi nilisoma na vijana wangu wa kidato cha sita hadithi fupi ya Richard Connell, *The Most Dangerous Game*, ya mwaka 1924. Tulitoka tumenuniana, kwa hiyo ugomvi nauleta hapa.

Kwa asiyeisoma: Rainsford, mwindaji maarufu, anadondoka kutoka melini usiku na kuogelea hadi kisiwa cha Jenerali Zaroff, Mrusi aliyechoka kuwinda wanyama na sasa anawinda watu. Rainsford anapewa kisu na chakula. Asipopatikana hadi usiku wa manane wa siku ya tatu, ameshinda. Mbwa wanapomkaribia anajirusha baharini. Usiku huo Zaroff anaingia chumbani kulala, kumbe mgeni wake yuko nyuma ya pazia.

Zaroff anampongeza: umeshinda. Si mchezo umeisha hapo? Rainsford anakataa, anasema yeye bado ni mnyama aliyebanwa, jenerali ajiandae. Pigano lenyewe hatulioni. Tunachoambiwa ni kwamba Rainsford hajawahi kulalia kitanda kizuri kama kile cha Zaroff.

Mimi nasema kageuka Zaroff. Mwanzoni kule melini alidai dunia ina makundi mawili, wawindaji na wawindwa, na hofu anayoihisi jagwa, mnyama kama chui, anapowindwa haimhusu. Baada ya siku tatu za kuwindwa, alichojifunza ni kukaa kundi la kwanza basi.

Mkulima, Idodi
Shikamoo mwalimu. Hapo sikubali hata kidogo. Nyie huko mna misonobari, sisi tunapakana na Hifadhi ya Ruaha, tunajua kulala sikio moja liko shambani. Mtu ana bunduki, ana mbwa, ana taa za kudanganyia meli zivunjike mwambani. Eti akitamka "umeshinda" nimwamini, nipande boti niage?

Tena umeruka kitu. Zaroff aliahidi kumpeleka bara kwa sharti kwamba asimwambie mtu yeyote kuhusu kisiwa, na Rainsford alikataa sharti hilo kabla hata ya kuwindwa. Kuukubali ushindi wa usiku ule ilikuwa kukubali kufunga mdomo. Ukiua nyoka chumbani hugeuki nyoka.

Mwalimu, Mafinga
Marahaba. La sharti umenipata. Lakini kitanda je? Ukishaua nyoka, unalala kwenye shimo lake?

Dada wa Njombe
Nyie mnapigania mwisho, mie nimekwama kwenye jina. Neno *game* kwa Kiingereza ni mchezo na pia ni windo. Kiswahili kinakulazimisha uchague. Ukiandika "Mchezo wa Hatari" umesimama na Zaroff mezani, glasi mkononi. Ukiandika "Windo la Hatari" uko kichakani na Rainsford, unahema. Mwalimu kasoma mchezo, kaka wa Idodi kasoma windo. Ndiyo maana hamuelewani.

(Na kwa taarifa yenu, huku Njombe miaka ya 1930 na 1940 simba waliwala watu hasa. Kwa bibi zetu kuwindwa hakukuwa hadithi ya darasani.)

Kijana, Uyole
Mtego uliomuua Ivan, mtumishi wa Zaroff, ule wa mti uliokunjwa ukafungwa kisu, Rainsford anasema aliujifunza Uganda. Aliyemfundisha hana jina. Tunakopwa maarifa, hatutajwi! Mimi ningeifundisha hadithi hii kwa hilo tu.

Mhehe, Kalenga
Mnazungumzia kuwindwa na hakuna aliyemtaja Mkwawa, chifu wetu Wahehe? Ngome yake ya Kalenga ilianguka Oktoba 1894, yeye akakaa porini hadi Julai 1898. Wajerumani waliweka rupia 5,000 juu ya kichwa chake. Alipozidiwa alijipiga risasi mwenyewe, hakuwapa raha ya kumkamata. Kichwa wakakibeba hata hivyo. Fuvu lililorudishwa mwaka 1954 liko hapa kwenye makumbusho yetu.

Sasa rudini kwa Zaroff. Baada ya chakula anamwalika Rainsford maktaba akamwonyeshe vichwa vyake vipya. Mwandishi hatupeleki tukavione. Mimi niliposoma pale niliweka kitabu chini nikatoka nje kidogo.

Kwa hiyo ifundishwe, ila msiwaulize watoto nani kashinda. Waulizeni vile vichwa ni vya nani.

Mkulima, Idodi
Mzee wa Kalenga umenirudisha kwenye kitabu. Kuna mabaharia kama kumi na wawili wa meli ya San Lucar, wamefungiwa chini ya jumba wakisubiri zamu yao ya kuwindwa. Zaroff mwenyewe anawataja. Nimesoma ukurasa wa mwisho mara tatu natafuta mahali Rainsford anashuka kuwafungulia.

Hamna. Kalala.

Mwalimu, nisubiri kwanza, nitajibu kesho.