Vavu ya pumzi ya injini, mkono haufiki

Mwanakikundi wa Katuba:
Watanzania wenzangu wa Lubumbashi, salaam. Pikapu yangu ya petroli, V6, ndiyo niliyokuja nayo kupitia mipaka ya Tunduma na Kasumbalesa. Sasa inakula oili, ikisimama huku injini inawaka muungurumo unapanda na kushuka, na sili ya nyuma ya injini inavuja. Fundi anataka kushusha injini. Kuna aliyepitia hili?

Wa Kampemba:
Kaka, usikubali bado. Mimi nililipia sili mara mbili, zote zikavuja tena, kumbe tatizo ni vavu ya pumzi, ndogo kama kidole. Moshi unaopenya kando ya ringi za pistoni unajaa chini kwenye oili, na hiyo vavu ndiyo njia yake ya kurudi kwenye manifodi, pale hewa inapoingilia injini, ukachomwe. Ikiziba, presha inatokea kwenye sili. Ikikwama wazi, au mpira wake wa kupitishia moshi ukipasuka, injini inavuta hewa ya ziada, ndipo muungurumo unapoyumba. Wewe una dalili zote mbili, kwa hiyo mpira nao uutazame.

Kwenye yangu vavu iko nyuma ya tapeti kava, kifuniko cha juu ya injini, imebanwa na ukuta wa kabini, huioni kabisa. Toa kwanza bomba la hewa linalotoka kwenye chujio, upate nafasi ya kiwiko, kisha tumia kioo kidogo na taa ya simu. Injini iwe vuguvugu. Mpira mkavu ukiwa baridi unakatika, na kipande kikidumbukia ndani utafungua kava lote. Uzungushe mpaka uachie ndipo uvute. Vavu mpya ianze kwa vidole, tafadhali, kava ni alumini na nyuzi zake zikiliwa umeumia.

Dukani nilizunguka maduka matatu nikisema "vavu ya pumzi", wananitazama tu. Hapa sema "klape ya renifla", na mpira ni "diriti". Bora zaidi nenda na ile ya zamani mkononi. Noti za dola ziwe safi, yenye mchaniko hata kidogo wataikataa.

Wa Ruashi:
Kaka zangu, kabla ya kununua chochote: washa injini, fungua kifuniko cha kujazia oili, weka karatasi nyepesi juu ya tundu. Ikivutwa chini, mfumo unapumua. Ikirushwa juu, umeziba, au ringi zimechoka. Na vavu ukishaitoa, itikise, isipolia, imeganda. Angalia na chujio la hewa, vumbi jekundu la kiangazi hiki halina huruma.

Wa Katuba:
Dada, asante sana. Karatasi imeruka hadi kwenye betri. Diriti nayo nimeipapasa, imepasuka upande wa chini. Nimemwambia fundi asubiri. Kesho nataka kuifungua mwenyewe, ila ekstensheni yangu ya spana haina kiungo cha kupinda. Aliye karibu na Katuba aniazime mpaka Jumapili jioni, nitaifuata mwenyewe.