Naomba ushauri: nachonga B-52 ya mninga, mabawa yananishinda

Wakuu habari za saa hizi, mimi ni seremala hapa Tabora, kazi zangu ni vitanda na milango, sasa kuna mteja kaniletea picha ya ile ndege ya Marekani ya kudondosha mabomu, B-52, anataka sanamu yake ya kuweka sebuleni. Nikakubali harakaharaka, tamaa tu.

Nimepiga hesabu, ndege yenyewe ina mabawa mita 56 toka ncha hadi ncha na urefu mita 48 na kitu, kwahiyo nikigawa kwa 100 napata sentimita 56 kwa 48, hapo poa. Injini 8 zimefungwa mbilimbili chini ya mabawa, nazo nimeshachonga. Shida ni bawa, ni refu halafu jembamba na limelala kwa nyuma, mninga mzito nikilipunguza linapasuka, mbao mbili zimeshaenda.

Kingine, nimesoma kwamba ikiwa chini na mafuta yamejaa mabawa yanainama, ndo maana wameweka vitairi vidogo karibu na ncha, ila ikiruka yanapinda kwenda juu. Sasa nichonge yameinama au yamenyooka? Mteja hajui, kasema "fanya kama ya kweli" basi.

Na mwili nikiacha mninga, mabawa nifanye plaiwudi halafu nipake rangi, au itaonekana uchakachuaji? Aliyewahi kuchonga ndege anisaidie, Jumamosi anakuja kuchukua na advansi nimeshakula.